Wakasema Biar Anasali

Nyanut ndiye aliyeiona kwanza. Ilikuwa asubuhi ya mwezi wa pili, na Biar alikuwa ametimiza miezi mitano siku chache tu kabla. Mtoto aliamka kwenye mkeka, akafungua macho, kisha kichwa chake kikaanguka mbele ghafla, mikono ikatanuka, magoti yakapanda tumboni. Ilikuwa kufumba na kufumbua, akalegea. Nyanut alidhani ameshtuka tu. Kabla hajamfikia, ikaja tena, halafu tena, na kila ilipoisha mtoto alitoa kilio kifupi, kama mtu aliyefinywa na asiyejua nani amemfinya. Mama yake alihesabu mara kumi na nne. Kisha Biar akanyonya na kulala, kama hakuna kilichotokea.

Nyanut alikuwa mwanamke wa Bor, Sudan Kusini, aliyefika kambi ya wakimbizi ya Kakuma akiwa msichana, akaolewa humo humo kambini. Aliuza samaki wakavu sokoni. Mumewe, Makur, alikuwa amevuka mpaka wa Nadapal kurudi Sudan Kusini kutafuta kazi ya ujenzi, na simu yake ilipatikana mara moja kwa mwezi, ikipatikana. Binti yao mkubwa, Abang, alikuwa ameanza shule. Kwa hiyo Nyanut hakuwa mgeni wa watoto. Alijua kushtuka kwa mtoto kulivyo, na alijua hakujirudii mara kumi na nne.

Kesho yake ikatokea tena, na kesho kutwa. Siku ya nne akamfunga mgongoni akaenda kupanga foleni kliniki.

Daktari wa zamu aliitwa Morgan. Alikuwa kijana mpole, na siku hiyo watu waliokuwa wakimsubiri walijaza mabenchi yote mawili na kivuli cha ukuta wa nje.

"Anainama namna gani?" aliuliza akiandika.

"Hivi." Nyanut alijiinamisha na kutupa mikono mbele. Wanawake kwenye benchi wakacheka.

"Anaharisha? Homa?"

"Hapana."

"Ananyonya vizuri?"

"Ananyonya."

"Basi ni gesi, mama. Tumbo likimkaza anajikunja. Mpe haya matone, na kila akinyonya mcheulishe."

Alimpa matone wiki mbili nzima. Alimcheulisha mpaka mkono ukachoka. Aliporudi tena kliniki, Morgan alimwangalia Biar mdomoni, akapapasa ufizi, akasema ni meno. "Huyu ni mtoto wako wa pili," alisema, akitabasamu, "na bado unaogopa hivi?"

Nyanut aliona aibu. Akarudi nyumbani na aibu yake.

Mwezi wa tatu, Jumapili moja, Biar aliamka kanisani katikati ya sala. Kanisa lao lilikuwa la kuta za udongo na paa la mabati, na lilijaa wanawake walioshika misalaba ya mti mikononi. Mchungaji Kon alikuwa anaomba kwa sauti, na kila alipotulia kidogo watu waliitikia amina. Ndipo Biar, mapajani mwa mama yake, akainamisha kichwa na kunyoosha mikono. Akainama tena. Na tena.

Mwanamke mmoja aliona, akamgusa mwenzake. Habari ikapita benchi kwa benchi. Sala ilipoisha, Mchungaji Kon alishuka, akamchukua mtoto, akamwinua juu.

"Tazameni huyu," alisema. "Hajui hata kuita mama, lakini anajua kumwinamia Mungu!"

Ngoma zikapigwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Baada ya ibada walipanga mstari wa kumbeba Biar. Mmoja alimwekea mkono wake wenye maumivu kichwani. Mwingine, ambaye hakuwa amebahatika kupata mtoto, alimshika kwa muda mrefu na kumrudisha akilia.

Jambo hili Nyanut hakumwambia mtu kwa muda mrefu: alifurahi. Alikuwa mwanamke ambaye mume wake hapatikani kwa simu, ambaye mikono yake ilinuka samaki hata siku ya Jumapili, na sasa watu walimsalimia kwa jina. Walimsogezea kiti. Moyoni kulikuwa na kitu kidogo kilichomwambia hapana, mtoto anainama hata nyumbani, anainama akiangalia ukuta, anainama na kulia. Lakini wenye elimu walikuwa wamesema gesi, wamesema meno, na watu wa Mungu walikuwa wamesema sala. Yeye alikuwa nani? Akanyamaza. Zikapita wiki tano.

Kilichomwamsha ni Abang. Mtoto huyo alikuwa amekaa mbele ya ndugu yake akigonga kopo la maziwa kwa kijiko, mchezo ambao zamani ulimfanya Biar acheke mpaka apate kwikwi.

"Mama," Abang alisema, "Biar hanitaki tena."

Nyanut alisogea. Aligonga kopo mwenyewe. Macho ya Biar yalikuwa wazi, yakiangalia mahali ambapo hapakuwa na kitu. Alimwita kwa jina. Akamtekenya shingoni. Hapo ndipo alipojaribu kukumbuka mara ya mwisho mtoto huyu kumtabasamia, na hakukumbuka. Alikuwa ameacha pia kushika vitu. Shingo iliyokuwa imeanza kukaza ilikuwa imelegea upya.

Jirani yao wa upande wa kisima aliitwa Élisabeth, Mkongo wa Uvira, mwanamke wa makamo aliyeshona nguo kwa cherehani ya miguu. Nyanut alimkimbilia na mtoto mkononi. Walikaa naye chini ya turubai mpaka akaamka usingizini, na alipoanza kuinama Élisabeth akasogea karibu. Alitoa simu yake akarekodi, yote, kuanzia mwinamo wa kwanza mpaka wa ishirini na tatu, midomo yake ikihesabu.

"Mama Abang," alisema mwishowe, "miye nilitumikaka hospitali kule Uvira, miaka kumi na moja. Hii si tumbo. Hii ni kichwa. Ni kifafa ya batoto badogo."

"Kifafa watu wanaanguka," Nyanut alisema. "Wanatoa povu."

"Ya bakubwa njo inakuwa vile. Ya batoto inajificha. Inakuja pale mutoto anaamuka, inamukunja, inamuacha. Kila siku inakula kidogo." Élisabeth aligusa kipaji cha uso wa Biar kwa kidole. "Peleka ii simu kwa munganga. Usimwelezee kitu. Mupatie aangalie."

Ilikuwa tarehe thelathini ya mwezi wa nne. Nyanut alifika mbele ya Morgan, akanyoosha simu kabla hata ya kukaa.

"Mama, weka simu kando, kwanza nieleze shida."

"Shida iko ndani ya simu."

"Nieleze kwa mdomo. Nje kuna watu zaidi ya themanini."

Alieleza kwa mdomo. Kiswahili chake kilikwama. Hakuwa na neno la kile alichokiona, kwa sababu hata kwa Kijieng, lugha ya kwao, hakuwa nalo. Aliposema Mkongo mmoja amemwambia ni kifafa, uso wa Morgan ukakunjamana kidogo. Alimwangalia mtoto, ambaye wakati huo alikuwa ametulia, akasema watoto wote wanashtuka, na kwamba majirani si madaktari. Akaandika dawa ya minyoo.

Wiki iliyofuata Nyanut alirudi, safari hii na Élisabeth. Wakarudi tena wiki ya pili yake. Mara hiyo ya tatu Élisabeth alisimama mlangoni, akakataa kusogea, akasema kwa sauti ambayo benchi zima lilisikia kwamba hatoki mpaka apewe karatasi ya kwenda hospitali kubwa ya Lodwar. Morgan aliwaandikia ili foleni iendelee. Simu hakuiangalia.

Karatasi ya rufaa peke yake haikutosha, kwa maana mkimbizi hatoki Kakuma bila kibali. Nyanut alikaa nje ya ofisi za vibali siku baada ya siku. Mara afisa wa kusaini alikuwa safarini, mara jina la mtoto lilikuwa limeandikwa vibaya. Siku kumi na tisa. Biar alikuwa akiinama mafungu manne kwa siku sasa. Jumapili bado walimbeba, bado walisema amina, na Nyanut alikaa katikati yao akisaga meno. Mara mbili alifungua mdomo awaambie. Mara mbili akaufunga.

Huko Lodwar Nyanut alifikia kwa Nakaale, mama wa Kiturkana aliyekuwa akimletea samaki wa kuuza kutoka Kalokol, ziwani, na ambaye nyumba yake ilikuwa mtaa wa Kanamkemer. "Ejok," Nakaale alimsalimia langoni, kisha akamwangalia mtoto, akaacha kutabasamu. Asubuhi alimpandisha boda boda mpaka hospitali.

Daktari wa watoto alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, Daktari Nyakio, mtu wa Nyeri aliyehamishiwa Turkana miaka mitatu nyuma. Nyanut alikuwa amejiandaa kueleza. Alikuwa amefanya mazoezi usiku kucha ya maneno ya Kiswahili. Hakupata nafasi ya kuyasema.

"Una simu?" daktari aliuliza. "Umemrekodi? Nionyeshe."

Nyanut alimpa simu aliyoazimwa na Élisabeth, naye akatazama mara moja. Baada ya mwinamo wa tatu au wa nne, akavua miwani.

"Hii ilianza lini, mama?"

"Mwezi ya pili."

"Alipozaliwa alilia mara moja?"

"Hapana. Walimpigapiga. Walimweka hewa ya chupa. Halafu akalia."

"Alikuwa anacheka? Anashika vitu?"

"Alikuwa."

Daktari Nyakio alimlaza Biar, akapitisha taa machoni pake, akamkalisha na kuona kichwa kinavyoning'inia. Kisha akavuta kiti chake kikawa karibu na cha Nyanut, kitu ambacho hakuna daktari aliyewahi kufanya, na Nyanut akaelewa kwamba habari si nzuri.

"Huu ni ugonjwa wa ubongo," alisema polepole. "Ni aina ya kifafa inayowapata watoto kabla ya mwaka mmoja. Ubongo unarusha umeme ovyo mchana na usiku, hata wakati humwoni akiinama, na hauwezi kujifunza. Hata alichojifunza kinafutika. Kwa kawaida tungempeleka Eldoret kupimwa umeme wa ubongo, lakini sitasubiri. Tunaanza dawa leo. Anameza vidonge, tunavisaga, wiki mbili kwa kipimo kikubwa, halafu tunapunguza. Utakaa hapa karibu tumwangalie, kwa sababu vinapunguza kinga."

"Ni dawa ya kutoka wapi?"

Daktari alisita. Angeweza kudanganya, na baadaye Nyanut alifikiri labda ingekuwa bora.

"Ni ya kawaida, mama. Tunawapa watu wa pumu. Hata kule kwenu kliniki ipo."

"Iko kule?"

"Ipo."

Nyanut aliuangalia mlango. Akilini aliona rafu ya mbao ya dawa nyuma ya kiti cha Morgan, ile aliyokuwa akiitazama kila mara akisubiri ainue kichwa.

"Atapona?"

"Kuinama kutakoma, nina matumaini makubwa. Kile alichopoteza, siwezi kukuahidi. Angekuja wiki ya kwanza ningekujibu vingine."

Walikaa Kanamkemer. Nyanut alisaga vidonge kati ya vijiko viwili, akavichanganya na maziwa aliyojikamua. Dawa ilimfanya Biar awe na njaa isiyoisha na hasira ya kulia kutwa. Uso ukavimba, mashavu yakaning'inia. Siku ya kumi na moja aliamka, akaangalia dari, na hakuinama. Nyanut alikaa kando yake akingoja. Nakaale alikuja, akachuchumaa upande wa pili wa mkeka. Nusu saa ikapita. Nakaale alimshika Nyanut bega na kulitikisa, akicheka na machozi yakimtoka. Nyanut hakucheka. Alikuwa akimwangalia mtoto usoni, akitafuta yule wa zamani. Hakumwona.

Waliporudi Kakuma watu walifurahi. "Amenona!" walisema. "Tazama mashavu! Lodwar wamemlisha!" Jumapili wanawake walinyoosha mikono kama kawaida. Yule asiyekuwa na mtoto alikuwa wa kwanza kumchukua, akamkalisha, akangoja ainame.

"Hatainama tena," Nyanut alisema. "Haikuwa sala. Ilikuwa kifafa. Daktari amemtibu."

Aliona neno likiwafikia. Mate ya Biar yalikuwa yamemdondokea yule mwanamke mkononi, na mwanamke akaangalia mkono wake, akamrudisha mtoto taratibu, kwa adabu, kama mtu anayerudisha sufuria ya moto. Kisha akajifuta kwa mchanga. Hakuna aliyeomba kumbeba Biar baada ya hapo. Nyanut alijaribu kuwaeleza kwamba ugonjwa huo hauambukizwi kwa mate, kwamba daktari mwenyewe amesema. Walimsikiliza. Wakasema ndiyo, mama. Wiki iliyofuata benchi lake lilikuwa na nafasi pande zote mbili.

Mchungaji Kon alikuja nyumbani. Alikuwa na huruma ya kweli, na ndiyo iliyouma zaidi. Alisema kanisa linawaombea, na kwamba pengine Nyanut angependa kukaa karibu na mlango, ili mtoto akishikwa aweze kutoka naye haraka bila kuwasumbua watu.

"Alikuwa anashikwa mbele ya macho yako," Nyanut alisema. "Ukampandisha juu."

Mchungaji aliinamisha macho. "Tulikuwa hatujui, mama."

"Hata mimi sikujua. Lakini mimi nilikuwa naona hajisikii vizuri, na nilinyamaza kwa sababu mlinipenda."

Makur alipopiga simu, aliuliza swali moja: je, atatembea? Nyanut alimwambia hajui. Mtandao ukakatika, na ikapita miezi miwili kabla ya simu nyingine.

Mwaka uliofuata, Daktari Nyakio aliandaa semina Lodwar, kwenye ukumbi wa hoteli, kuwafundisha wahudumu wa afya kutambua mapema magonjwa ya ubongo kwa watoto wadogo. Alimwalika Nyanut akae na mtoto, watu waone kwa macho. Biar alikuwa na karibu miaka miwili. Aliweza kukaza shingo kwa muda mfupi. Hakuwa anakaa. Alikuwa ameanza aina nyingine ya kifafa, ile ya kukakamaa, na alikunywa dawa ya maji asubuhi na jioni, ambayo daktari alisema isikatizwe hata siku moja.

Mbele kulikuwa na pazia jeupe la picha. Mtu wa tatu kuzungumza alikuwa Morgan. Alikuwa amepandishwa cheo, amevaa koti. Aliongea Kiingereza, na maandishi ya kwenye pazia yalikuwa ya Kiingereza. Ghafla Biar akatokea kwenye pazia, mkubwa kuliko alivyowahi kuwa, chini ya turubai, akiinama. Ilikuwa video ile ile ya Élisabeth. Nyanut alikuwa amemwachia Daktari Nyakio nakala yake kwa ajili ya faili la hospitali.

Alimgeukia nesi aliyekaa kando yake. "Anasema nini?"

Nesi alimnong'oneza. "Anasema hiki ni kisa cha mafanikio. Mtoto alitambuliwa kwenye kliniki yao kule kambini, wakampa rufaa, akapata matibabu."

Nyanut alisimama. Hakungoja kuitwa. Biar alikuwa begani mwake, kichwa kimelala.

"Mimi ni mama ya huyu mtoto," alisema. "Kiswahili yangu ni kidogo, mtanisamehe. Mwezi ya pili tarehe nane nilienda kwa huyu daktari. Alisema gesi. Tarehe ishirini na mbili, alisema meno. Mwezi ya nne tarehe thelathini nilileta hii video, hii hii. Alisema weka simu kando. Alinipa dawa ya minyoo. Mwezi ya sita tarehe tatu, daktari Nyakio aliangalia. Aliangalia tu. Dakika moja." Alimgeuza Biar ili waone uso wake. "Mwezi ya pili alikuwa anacheka."

Juu pangaboi lilikuwa likizunguka. Morgan alikuwa amesimama na kile kidude cha kubadilisha picha mkononi, na picha nyuma yake iliendelea kuinama. Daktari Nyakio alisimama kana kwamba atasema kitu. Lakini msimamizi wa semina, bwana aliyetoka ofisi ya afya, alimtangulia. Alimshukuru mama kwa ushuhuda wake mzito. Alisema hoja zake zimeandikwa kama changamoto. Watu wakapiga makofi, na wakaambiwa chakula kiko tayari.

Morgan alimfuata uani, kwenye kivuli cha tangi la maji.

"Mama Abang," alisema. Hakuwa na hasira. Macho yake yalikuwa mekundu. "Sikuwa najua. Chuoni tulisoma mstari mmoja tu kuhusu ugonjwa huu, na sijawahi kuuona. Na siku zile nilikuwa peke yangu na watu wote wale."

"Hukujua, sawa," Nyanut alisema. "Mimi pia sikujua. Ndiyo nilikuletea uangalie."

Morgan alingoja, labda aambiwe amesamehewa. Nyanut alimbadilisha Biar bega, akaondoka kwenda kutafuta maji ya kumpa.

Miezi miwili baadaye bango lilibandikwa kwenye ukuta wa kliniki ya Kakuma: mchoro wa mtoto aliyejikunja, na maneno mengi ya Kiingereza. Nyanut alikuwa amekaa chini yake na wanawake wengine kumi, kila mmoja na mtoto wake, na hakuna aliyeweza kulisoma. Alikuwa amekuja kuchukua dawa ya Biar. Dirishani waliangalia kitabu chake, wakamwambia dawa hiyo haijafika, arudi Alhamisi.

"Haiwezi kukatizwa," alisema.

"Tunajua, mama. Alhamisi."

Ilikuwa Jumatatu. Chupa ya nyumbani ilikuwa imeisha tangu jana asubuhi. Alimfunga Biar mgongoni, akavuka laga, ule mto mkavu wa mchanga, hadi sokoni, akaingia duka la dawa la kwanza, la pili, la tatu. La nne lilikuwa la Msomali mzee aliyepekua sanduku lote, akapata chupa moja, akaipangusa vumbi kwa kanzu yake na kumsomea kwa sauti tarehe ya mwisho ya kutumika: bado wiki tatu. Nyanut hakungoja kufika nyumbani. Alikaa kwenye ngazi ya duka, juani, akamimina kijiko. Biar alitema nusu. Alimpangusa kidevu, akamimina tena kile alichokisia kimetoka, akamfunga pua kidogo kwa vidole viwili mpaka akameza.